Mashine Nane na Homa Moja

Jirani yetu, mama aliyeuza mafuta ya mawese kando ya reli, alinisimamisha asubuhi moja, akapandisha mkono wa blauzi yake na kuniambia nimpime presha. Nilimwambia mimi si muuguzi. Akakasirika.

"Si ulituambia kazi yako ni kuangalia afya?"

Kweli nilikuwa nimesema hivyo, tena kwa sauti na mbele ya watu, kwa sababu kupata kazi ya biro, ya ofisini, katika Kalemie ya miaka ile ya vita ilikuwa habari ya kutangaziwa hata samaki wa ziwani. Ila afya niliyoiangalia ilikuwa ya mashine. Na mashine zenyewe sikuwahi kuzigusa. Zilikaa ng'ambo, katika jumba ambalo shefu wangu, mkuu wa kazi, alisema lina baridi kama Kirungu kule milimani mwezi wa sita, nami nilizitazama kwenye ekrani, kioo cha kompyuta, nikiwa katika chumba kimoja nyuma ya depo ya dawa, karibu na bandari.

"Ni afya ya kompyuta, Mama."

"Kompyuta inagonjwaka nini?"

"Homa. Kichwa kinajaa. Mapigo ya moyo yanapotea."

Akashusha mkono wa blauzi. "Basi ni sawa na muntu," akasema. "Ungeweza kunipima."

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na maswali kumzidi. Kompyuta nilijifunza shule ya jioni. Mchana nilibeba magunia bandarini, na nadhani hakuna kijiko cha sukari kilichokorogwa kwenye chai ya pande zetu zote za Tanganyika ambacho hakikupita kwanza mabegani mwangu. Jioni nilikaa kwenye benchi na wenzangu, tukigombania kompyuta moja iliyopiga kelele kama kinu cha mahindi. Nilipomaliza na kupewa karatasi yangu, nilidhani nimejua yote. Kisha nikapata kazi hii, nikaambiwa kwamba kompyuta siku hizi hazifanyi kazi peke yao. Zinafanya kazi kwa kundi, kama wabeba mizigo, na kundi likiwa na mgonjwa ni lazima mtu amtambue.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wauguzi wa vituo vya afya, kutoka Bendera mpaka Kabalo mpaka milima ya Marungu kule juu ya Moba, waliandika ujumbe wa simu: wagonjwa wangapi wa kolera wameingia, chupa ngapi za serumu, yale maji ya mshipani, zimebaki, maji yametiwa dawa au bado. Ujumbe uliruka hadi kwa mashine nane. Mashine zikagawana, kila moja ikapika chungu chake, kisha zikapakua pamoja, na kabla ya saa sita mchana hesabu ikatokea kwa mama wa depo, mwenye kugawa katoni: kituo hiki kipewe katoni hizi, kituo kile zile.

Serumu haikutosha, na ndiyo maana hesabu ilikuwa na uzito. Vita vilikuwa vimewasukuma watu wa Nyunzu na wa njia ya reli mpaka kwetu, vibanda vya nyasi na maturubai vikazunguka mji, na kolera ikawafuata humo. Katoni ambazo hesabu haikuzitaja hazikungoja mtu. Zilipakiwa kwenye gari la kambi za mji siku ileile. Na maneno ya mdomo hayakukubaliwa, kwa sababu zamani kidogo maneno ya mdomo yalipeleka mzigo mzima kwenye kituo ambacho wenye bunduki walikuwa wamekwisha kukipora na kuondoka na vitanda vyake. Hakuna hesabu, hakuna katoni.

Kwenye ekrani yangu kila mashine ilikuwa na kisanduku chake. Ndani yake niliona mapigo, niliona kichwa kimeshughulika kiasi gani, niliona kumbukumbu imejaa mpaka wapi. Juu ya visanduku vyote kulikuwa na duara moja kubwa la afya ya kundi zima. Nililipenda lile duara. Likiwa kijani, lilikuwa kijani cha majani ya sombe baada ya mvua, na mimi nilikunywa chai yangu kama gavana.

Shida ilianza siku za boti la Moba. Boti hilo liliondoka alasiri, siku ileile ya soko la Kirungu, na ndilo lililobeba serumu za vituo vya Marungu. Siku nyingine zote hesabu ilitoka mapema. Siku ya boti ikachelewa. Siku ya boti iliyofuata ikachelewa zaidi, tukapakia huku nahodha akitutukana. Ya tatu, mama wa depo alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni. Alikuwa wa ukoo wa Waislamu waliofanya biashara ya ziwa tangu mababu, nusu ya ndugu zake wako Kigoma, na Kiswahili chake kilinyooka kiasi kwamba hata matusi yake ungeyatunza.

"Fundi, mashine zako zimefunga Ramadhani?"

"Mama, ziko nzima. Tazama mwenyewe, duara ni kijani."

"Mimi sipakii kijani kwenye boti. Napakia katoni."

Akaondoka. Nikabaki na duara langu, na kwa mara ya kwanza nikalitazama kama unavyomtazama mtu anayekuchekea bila sababu. Nikashusha macho hadi kwenye visanduku. Mashine saba zilikuwa zimekaa tu, kama wanaume wanaongoja mpira uanze. Ya tano ilikuwa inakufa. Kichwa kimejaa, kumbukumbu imejaa, mapigo yanaruka. Lakini duara lilikuwa la wastani: saba wanapumzika, mmoja anakata roho, ukiwajumlisha na kuwagawa, afya njema.

Nikafanya nilichofundishwa. Niliizima ya tano, nikaiwasha upya. Ikarudi imetulia, mapigo mazuri. Nikajipigia makofi peke yangu chumbani. Chai haijapoa, mashine ya pili ikaanza kuwaka homa.

Nikaizima ya pili. Homa ikaenda kwa ya saba.

Niwaambie kweli, niliogopa, lakini zaidi ya kuogopa nilifurahi. Nimeona mengi bandarini, nimeona kiboko akisindikiza boti, lakini homa inayohama kutoka mashine hadi mashine sikuwa nimeiona, na nilitaka kujua inatembea kwa miguu gani. Nikamkumbuka dada yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi. Aliwahi kunieleza kwamba kolera ikiruka kutoka nyumba hadi nyumba, yeye haangalii nyumba, anauliza wote wamechota maji wapi. Basi nikauliza vivyo hivyo. Ya tano, ya pili, ya saba: zimekula nini?

Zilikuwa zimekula namba moja ya simu.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja. Mashine ziligawana kazi kwa namba ya aliyetuma. Ujumbe wote wa simu moja ulikwenda kwa mashine moja, ili habari za muuguzi mmoja zisitawanyike. Ni utaratibu mzuri kama kila muuguzi ana simu yake. Lakini hii namba moja, asubuhi ile, ilikuwa imemwaga ujumbe mwingi kuliko mji wa Kabalo mzima, na mashine yoyote iliyoangukiwa na namba hiyo ilibeba mlima peke yake, huku wenzake wakipiga miayo. Ukiizima, mzigo unaiangukia ya jirani. Ndiyo miguu ya ile homa.

Nikavaa vyombo vya masikioni nikamwita shefu. Yeye alikaa Lubumbashi, mhandisi wa kweli, mcheshi, nami nilimjua kwa picha na kwa kikohozi chake tu.

"Ile ni bandit," akasema. "Ao batoto banacheza. Muntu mumoja hawezi kutuma mesaji yote ile. Saa sita minaifunga ile namba."

"Shefu, na kama ni muuguzi?"

"Muuguzi gani anaongeaka kushinda redio?"

"Tufungue ujumbe tuone."

"Unajua haturuhusiwe. Ni siri ya bagonjwa. Weye na maulizo yako! Saa sita."

Alisema kweli. Yaliyoandikwa ndani yalifungwa kwa ufunguo usio wetu. Tuliona namba na wingi, basi. Na kundi zima lilikuwa linachelewa kwa sababu ya namba moja.

Sijui kwa nini vidole vyangu vilikwenda kuandika namba ya dada yangu. Kituo chake kilikuwa nyuma ya Kirungu, vijia vya mlimani, unapanda mpaka masikio yanaziba. Kule hakuna mtandao. Wauguzi walishuka na simu zao mpaka Kirungu, wakatuma, wakarudi. Nikatafuta ujumbe wake wa juma lile. Hakuna. Wa mwezi ule. Hakuna. Simu ya dada yangu ilikuwa kimya tangu mvua zianze.

Nikatoka mbio hadi depo.

"Mama, kituo cha dada yangu kilipata katoni boti lililopita?"

"Kilipata. Hesabu ilikitaja."

"Na lile la kabla yake?"

"Kilipata. Kuna nini? Umekuwa mweupe kama unga."

"Dada yangu hajatuma kitu. Nani anamtumia?"

Mama wa depo aliweka chini kalamu yake. Tukatazamana, na bila kuelezana tukarudi pamoja chumbani kwangu. Niliangalia wauguzi wengine wa milimani. Simu zao zote kimya, na vituo vyao vyote vimekuwa vikipata katoni. Kama ile namba moja ndiyo iliyowasemea, basi ikifungwa saa sita, milima yote ya Marungu itanyamaza. Na mashine zikisikia kimya zinahesabu kimya: hakuna mgonjwa. Boti litakwenda Moba tupu, na serumu ya dada yangu itapelekwa kwingine.

Nikaipiga ile namba. Imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa. Mama wa depo akavuta kiti akakaa, akaanza kuhesabu shanga za tasbihi. Nilipiga mpaka kidole kikafa ganzi, na hapo ikaita. Nikaweka sauti kubwa.

"Alo! Nani uyu? Sema mbio, batri inakufa." Mwanamke. Nyuma yake kelele za soko, na mbuzi mmoja aliyelia kama analipwa.

"Jambo, Mama. Mi napiga kutoka Kalemie."

"Kama ni kuniomba feza, sina."

"Hapana, Mama. Simu yako inatumaka mesaji mingi sana. Ni ya nini?"

Akamfukuza mbuzi kwanza.

"Mi nauzishaka maharage," akasema polepole. "Mesaji sijue. Wewe njo nani?"

Nikaelewa nimekosea mlango. Miaka ile, mtu usiyemjua akikupigia na kukuuliza unatuma nini na kwa nani, hilo si swali la adabu. Angekata, na asingepokea tena. Jina la shirika lisingemsaidia, yeyote anaweza kulitaja.

"Mi njo mudogo wa muuguzi wa kule juu," nikasema, na nikataja kijiji. "Tumbo moja."

"Ule mudogo wake wa Kalemie?"

"Ndiyo, Mama."

"Ule anasemaka sana? Anaongozaka mashine za dunia yote?"

Mama wa depo alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikujali. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kusengenywa.

Basi akatuambia. Kwenye njia ya kushuka Kirungu kulikuwa na vizuizi viwili, na wenye bunduki walichukua simu ya kila muuguzi aliyepita. Muuguzi wa kwanza akapoteza, wa pili akapoteza, wakaacha kushuka. Lakini yeye na gunia lake la maharage walipita, maana walimzoea, na yeye aliwatupia kikombe cha maharage kila mara. Simu aliificha chini ya gunia. Alizunguka kituo hadi kituo akinunua maharage, na kila muuguzi aliandika habari zake mwenyewe kwenye ile simu moja. Ujumbe ulilala humo bila mtandao. Siku ya soko alifika Kirungu, akawasha, akaiweka juu ya maharage.

"Inatetemeka, Papa! Inatetemeka kama muntu wa malaria, mpaka maharage inaruka."

"Lakini Mama, mbona ni mingi hivyo?"

"Kila muuguzi anaandika ya leo, kisha anarudilia ya juma yote, na ya juma ingine. Ni juu hamujibuke! Muntu ukimuita na haitike, si unamuita tena?"

Ilikuwa kweli. Mashine zetu zilipokea tu. Hakuna aliyewahi kufikiri kuzifundisha kuitika.

"Dada yako amebakia na chupa kidogo sana," akaendelea. "Wagonjwa wanalala mpaka ndani ya kanisa, chini. Ameniambia nisikawie njiani. Sikukawia, Papa. Mumwambie..."

Batri ikafa.

Nilimwita shefu kabla sijameza mate. Nilimwambia yote, na vizuizi, na gunia. Akauliza najuaje huyo mama hasemi uongo. Mama wa depo akaninyang'anya vyombo vya masikioni.

"Bwana mhandisi, amemtambua kijana wetu kwa kujisifu. Unataka kitambulisho gani zaidi?"

Nikaweka sauti kubwa, nikasikia kile kikohozi, na ndani yake kicheko. Kisha akawa mhandisi tena. Namba hataifunga, sawa. Lakini mashine moja haiwezi kumaliza ule mlima kabla ya boti. Dawa ni kubadilisha mgawanyo: juu ya kila ujumbe, nje ya ile siri, kuna jina la kituo ambalo mashine zinalisoma, ingawa ekrani zetu hazilionyeshi. Mashine zigawane kwa kituo, siyo kwa simu. Tatizo ni kwamba ili zikubali utaratibu mpya, lazima kundi zima lizimwe na kuwashwa upya, pamoja na kazi ya Kabalo na ya Bendera ambayo imekwisha kuanza.

"Ikirudi vizuri, ni muda kidogo," akasema. "Ikikataa..." Hakumaliza.

Mama wa depo alikuwa amekwisha kusimama. "Zimeni. Nahodha nitamshika mimi."

Sikuona alivyomshika, lakini nilisikia, na nadhani Kigoma pia walisikia. Nahodha alisingizia upepo. Yeye akamjibu kwamba baba yake na babu yake walivuka na upepo huo huo wakiwa na pembe na chumvi, na kama yeye anauogopa akiwa na injini mbili, ampe ashike usukani. Nimeambiwa kisha alikwenda kukaa juu ya mtungi wa mafuta ya injini, akajifunika kanga, akasema yuko salama hapo mpaka hesabu itoke.

Mimi ekrani yangu ilikuwa giza. Visanduku vinane, vyeusi vyote, na duara jekundu kama jicho la mlevi. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Umeme wa bwawa la Bendera ulikatika wakati huo huo, kama ulivyopenda kufanya, na betri za jua zikachukua kazi kwa kuguna. Kisha kisanduku cha kwanza kikafumbua jicho. Kikafuata cha nne. Cha tano kikakawia, nikakibembeleza kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia binadamu. Vikatimia. Nikauona ule mlima wa Kirungu ukiingia, na badala ya kuangukia kichwa kimoja ukapasuka, kituo hiki huku, kituo kile kule, na mashine zote nane zikapata joto la kazi, joto la kawaida la wabeba mizigo.

Hesabu ikatoka. Kituo cha dada yangu kilikuwa juu kabisa.

Nilikimbia nayo bandarini badala ya kuingoja ifike kwenye ekrani ya depo, ikiwa imeandikwa kiganjani kwangu kwa kalamu ya bik. Mama wa depo akasoma kiganja, akasoma tena kwenye simu yake ili kanuni ifuatwe, akainuka kwenye mtungi. Mabega yangu yakakumbuka kazi ya zamani. Nahodha mwenyewe alibeba katoni mbili, akilaani.

Siku ya soko iliyofuata simu yangu iliita, namba ya yule mama wa maharage. Alikuwa dada yangu. Alishuka naye mpaka Kirungu, mikono mitupu, kama mnunuzi wa maharage.

"Serumu ilifika, Yaya?" nikauliza, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Ilifika. Mama mumoja na mutoto wake hawakungojea. Walikufa siku moja mbele gari ya serumu ifike. Wale wengine wamesimama. Kanisa iko tupu, wanaisafisha."

Nikampa pole. Akaendelea mwenyewe.

"Leo simu ilijibu. Tumeweka hapa juu ya maharage, mara ikaandika 'Imepokelewa', jina ya kituo yangu mbele yake. Nani anaandikaka ile?"

"Ni mashine, Yaya. Shefu aliifundisha juma hili."

"Iko wapi?"

"Mbali. Sijaionaka hata mimi."

"Uiambie asante," akasema dada yangu, na nyuma yake nikasikia mwenye simu akidai simu yake, kuna muntu anataka maharage.

Nikatazama ekrani. Ujumbe wake ulikuwa umepita kwa mashine ya sita. Ya sita ilikwisha kuumaliza, na sasa ilikuwa inamhesabia muuguzi mmoja wa Kabalo.